Penseli Bila Kifutio

Madodoso yalikuwa sita na yote yalikuwa makavu. Hicho ndicho kilichonishtua kabla sijasoma neno. Ilikuwa mwezi wa nne, masika yameshika Mgeta, huku milimani Uluguru, tangu alfajiri, na mimi niliyeingia nyumba tatu tu pale Nyandira nilikuwa nimelowa mpaka kitenge cha ndani. Kijana wangu wa chuo nilimkuta mgahawani, chai ya tangawizi mbele yake, viatu havina hata tone la tope.

"Shikamoo, mama. Leo nimewahi kumaliza."

Nikamwitikia, nikaketi, nikaanza kuyapitia. Kaya ya kwanza ina mbuzi wa maziwa wawili. Ya pili, wawili. Mpaka ya sita, wawili wawili kama ndala. Mbuzi wa maziwa Mgeta wapo kweli, waliletwa kutoka Norwei miaka ya 1980 kwa kazi ya watafiti, lakini hakuna aliyewagawa kwa mizani. Kisha nikafika penye swali la ardhi. Wakuu wa kaya wote sita wamerithi shamba kwa baba. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Shamba hutoka kwa wajomba. Siku hizi wapo wanaonunua, wapo wanaopewa na baba zao, sikatai. Mmoja ningemkubali. Sita mfululizo walikuwa wamezaliwa pale pale mezani.

Wanafunzi wana lugha yao kwa mambo haya. Kunakili kazi ya mwenzako ni kudesa. Kubuni majibu ya watu ambao hukuwaona ni kupika data. Kudesa humwibia mwenzako. Data ya kupikwa husafiri hadi kwenye ripoti, ikaamuliwa huko nani apewe mbuzi na nani asipewe. Siku hizi nasikia zipo na programu za kompyuta zinazoweza kukupikia madodoso mia kabla chai haijapoa.

Mimi si mwanasayansi. Nimezaliwa Matombo, nimeishia darasa la saba, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekula kwa kuwategea watafiti panya na kuwatafsiria Kiluguru. Shahada walizopata ni zao. Matope yalikuwa yetu sote. Basi sikuwa na haki ya kumkaripia yule kijana kama mtu asiye na doa, kwa sababu na mimi nimewahi kupika. Mpishi wa panya.

Shamba na taasisi sivitaji. Tulikuwa tunatega visanduku vya bati usiku, chambo ni siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi, asubuhi tunapita kisanduku kwa kisanduku. Panya aliyenaswa mara ya kwanza alikatwa ncha za vidole kwa mpangilio uliompa namba yake, akaandikwa, akaachiwa palepale. Akinaswa tena unasoma vidole, unaandika namba. Asubuhi moja ya mvua nilimtoa panya aliyejaa tope, akaning'ata, nikamwachia kabla sijamsoma vizuri. Nikaandika namba niliyodhani ndiyo. Safu mbili mbele nikamkuta mwenye namba hiyohiyo, safari hii nimeisoma sawasawa, na panya mmoja hawezi kulala visanduku viwili. Penseli yangu ilikuwa na kifutio kichwani. Nikaifuta ile ya kwanza, nikaandika namba nyingine iliyonijia.

Jioni mtafiti akaniita. Namba niliyoibuni ilikuwa ya panya aliyekwisha kufa mwezi uliopita, siafu walimla ndani ya kisanduku, na nilikuwa nimemwandika mwenyewe kwa mkono wangu. "Mama," akasema, "umefufua." Hakunigombeza. Alichukua wembe akakata kile kifutio. Kuanzia siku ile nikikosea napiga mstari mmoja, lile kosa linabaki linasomeka, pembeni naandika tarehe na herufi za jina langu. Nisipoona namba naandika: haikusomeka. Kisanduku kikiwa kitupu naandika sufuri. Penseli yenyewe tunaipenda kwa sababu wino hukimbia ukilowa. Kifutio ndicho adui.

Sufuri ile ina kazi kubwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapa Morogoro, kina shamba ambalo panya wake wamehesabiwa kila mwezi tangu 1994. Kwa hesabu za subira kama hizo zilizofanywa hapa mjini kwetu ndipo ilipofahamika jinsi mvua zinavyowaongoza panya shamba: vuli ikinyesha sana wanawahi kuzaana, na msimu unaofuata mkulima anapanda mahindi, usiku wanayafukua. Sasa fikiria daftari lenye panya waliofufuliwa na sufuri zilizojazwa ili mwenye daftari asionekane mvivu. Utamwambia nini mkulima wa Mvomero kuhusu msimu ujao?

Tamaa ya kurekebisha jibu hawana wavivu peke yao. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alitia maziwa ya moto kwenye jokofu wakati wakitengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi akampa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, ila akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka jibu sahihi lipatikane! Maskini, alikuwa na bidii tu. Nami na kifutio changu nilikuwa na bidii ileile. Makala ilipochapishwa 1969, jina la Mpemba lilikaa mbele ya la Osborne. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu maji yale, lakini swali lilikuwa la mtoto wa shule na mkubwa hakumpokonya. Nimeona wasimamizi wasioweza hivyo.

Nje huko yamewakuta wakubwa kuliko sisi. Korea Kusini alikuwepo Hwang Woo-suk, shujaa wa taifa, aliyedai kupata seli shina kutoka kwa viinitete vya binadamu. Mwaka 2006 makala zake mbili zilifutwa kwa kuwa data ilibuniwa. Ikajulikana pia kwamba baadhi ya mayai ya uzazi aliyotumia yalitoka kwa wasichana watafiti wa maabara yake mwenyewe. Anayeandika matokeo yako ya masomo akikuomba kitu, utasema hapana kwa sauti gani?

Swali hilo hapa milimani tunalijua tangu zamani. Babu mzaa mama alinisimulia habari za matuta ya ngazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi kwenye miteremko yao ili udongo usimomonyoke. Hofu yenyewe haikuwa ya uongo, kwa maana mvua za Uluguru zinalisha mto Ruvu, na Ruvu unainywesha Dar es Salaam. Lakini upande wetu wa mashariki udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia, udongo mfu unakuja juu. Wakulima walisema. Mahindi nayo yakasema. Hakuna aliyesikiliza, mpaka 1955 ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Mgeta, kwenye mboga na mbolea, ngazi zilishika na zipo hadi leo. Wataalamu walileta dawa moja kwa milima yenye udongo tofauti.

Ndiyo maana mzee wa Matombo akiwekewa karatasi na wino wa dole gumba husita. Fomu ya ridhaa imeandikwa na watu wa ofisini, kurasa mbili tatu. Mimi huwa naifunga, namwambia kwa Kiluguru: huyu anataka kujua hiki na hiki, itachukua saa moja, hakuna fedha, jina lako halitaandikwa, ukichoka tunasimama, ukikataa hakuna atakayekuchongea kwa mtendaji. Bibi mmoja alinisikiliza hadi mwisho akasema hataki. Mwanafunzi akaninong'oneza nimbembeleze. Nilimuaga bibi, tukaondoka.

Kwa hiyo wewe msomaji, akija mtafiti mlangoni kwako, mkaribishe, lakini muombe barua. Watafiti wa kutoka nje ya nchi hupata kibali COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Anayetaka damu au habari za ugonjwa wako lazima awe amepita kwenye kamati ya maadili, kama ile ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Anayepanda kwenye hifadhi ya mazingira asilia ya Uluguru hubisha hodi TFS, wakala wa misitu. Mwanafunzi hubeba barua ya chuo, ikateremka wilayani, katani, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Muulize pia atarudi lini kukueleza alichokipata. Wengi hawarudi, na hilo nalihesabu kuwa kosa hata kama hakuna kamati inayoliadhibu.

Yule kijana wa Nyandira nilimpa penseli yangu. Kesho yake tulipanda naye, mvua ikinyesha, kwenye kaya zilezile sita. Zilituchukua siku mbili. Mashamba manne yalikuwa ya upande wa mama, na mbuzi tuliowakuta, jumla yao, ni watatu.