Spika sita, mtangazaji hasikiki

Siku ya Simba na Yanga, besi hukupokea ukiwa bado barabarani. Ingia ndani ukae na wenye nyumba. Haichukui muda mtu atauliza, "Kasema nani kaumia?" na mwenzake atajibu kwamba naye hakusikia. Rimoti inashikwa, sauti inaongezwa, vikombe vinatikisika kabatini, na maneno ya mtangazaji yanazidi kuzama. Sebule ina spika sita, lakini anayesimulia mpira hasikiki.

Nimeliona jambo hili katika nyumba nyingi na kwenye vibanda umiza pia. Mara nyingi spika ni nzima kabisa, tena za bei kubwa. Kasoro iko nyuma ya king'amuzi, kwenye waya wa mita moja na nusu, na kwenye menyu ambayo haijafunguliwa tangu siku fundi wa dishi alipoondoka. Watu wanarudi Kariakoo kununua sabufa kubwa zaidi ilhali dawa iko pale pale sebuleni.

Na inauma, kwa sababu sauti inafika nyumbani ikiwa nzima. Satelaiti inayolisha dishi la Azam imekaa nyuzi 7 Mashariki, ile ya DStv kwa ukanda wetu iko nyuzi 36 Mashariki, na zote ziko juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia usiku wa 31 Desemba 2012, kinachoingia kwenye king'amuzi ni tarakimu tupu. Dishi likinasa vizuri, unapata sauti safi kama ilivyorushwa. Mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la mpira wa miguu, TFF, walisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, na watu wakanunua ving'amuzi ili wasikilize mpira wao ukitangazwa kwa lugha yao. Sauti hiyo isafiri umbali wote huo, kisha ipotee katika hatua mbili za mwisho? Hapana, hilo si la kukubali.

Chomoa kila kitu kwenye umeme kwanza, king'amuzi kabla ya vyote. Waya wa dishi unaoingia nyuma yake unabeba umeme wa volti 13 au 18 kwenda kwenye ile LNB iliyo mbele ya dishi, na uzi wa shaba wa katikati ukigusa ganda la plagi wakati king'amuzi kimewaka, unaweza kupiga shoti ukaua king'amuzi. Kisha kigeuze, uone mgongo wake.

Kuna tundu la HDMI. Kwenye ving'amuzi vingi vya zamani kuna pia matundu matatu ya duara: njano ni ya picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Sabufa nyingi za mitaani zinapokea nyaya hizi mbili za sauti kwenye matundu yaliyoandikwa AUX au DVD, na hapo kazi ni rahisi: nyeupe kwenye nyeupe, nyekundu kwenye nyekundu, waya wa njano uachwe au uende kwenye televisheni isiyo na HDMI. Ving'amuzi vidogo vya siku hizi vimebana matundu yote matatu kuwa tundu moja jembamba kama la hedifoni, na hapa watu wengi wanahangaika bure. Waya wa tundu hilo una pete nne za chuma kwenye ncha, na watengenezaji hawakukubaliana pete ipi ibebe nini. Ukinunua waya wowote dukani, unaweza kukuta spika moja inaimba vizuri na nyingine inazizima mfululizo. Kinachozizima ni picha iliyoingia kwenye spika. Jaribu kuchomeka plagi ya njano mahali pa nyekundu au nyeupe, mara nyingi sauti ya pili itatokea hapo. Ukishindwa, tafuta waya uliotoka na king'amuzi chenyewe.

Ukitumia nyaya hizi, weka sauti ya king'amuzi juu karibu na mwisho, kisha punguza na ongeza kwa rimoti ya sabufa. Wengi hufanya kinyume: king'amuzi kiko chini, sabufa imefunguliwa yote, ndipo mvumo wa amplifaya unapopanda pamoja na sauti.

Lakini nyaya mbili hubeba sauti mbili tu. Hom thieta ya spika sita imeundwa kwa mpango unaoitwa 5.1: spika tatu mbele, mbili nyuma, na sabufa ya besi. Katika mpango huo spika ya kati ndiyo hubeba maneno. Mtangazaji, mwigizaji, msomaji wa habari, wote wanakaa pale, na kelele za uwanja zinagawiwa pembeni na nyuma. Ukiilisha hom thieta kwa waya mwekundu na mweupe, spika ya kati inaweza kubaki kimya kabisa, na mtangazaji akabanwa katikati ya ngoma na vuvuzela kwenye spika za pembeni. Hicho ndicho kisa cha nyumba nyingi.

Njia ya kwanza iliyo bora kuliko nyaya hizo ni HDMI, ila angalia vizuri maandishi. Hom thieta nyingi zenye sehemu ya kuchezea DVD zina tundu moja tu la HDMI, na limeandikwa OUT. Hilo ni la kutoa picha ya DVD kwenda kwenye televisheni. Halipokei kitu. Ukichomeka king'amuzi hapo utasubiri mpaka mechi iishe. Kama yako ina tundu lililoandikwa IN, una bahati: waya mmoja kutoka king'amuzi kuingia hom thieta, mwingine kutoka hom thieta kwenda televisheni, basi.

Kama haina, tazama nyuma ya televisheni. Toleo la HDMI la mwaka 2009 lilileta kitu kinachoitwa ARC, kinachoruhusu televisheni kurudisha sauti kwenye hom thieta kwa waya ule ule. Hapo ndipo tundu la OUT la hom thieta linapopata kazi ya pili, mradi nalo liwe limeandikwa ARC. Televisheni huwa na tundu moja tu lenye maandishi hayo, hivyo kuchomeka la jirani yake hakusaidii. Kisha ingia kwenye menyu ya televisheni uiambie itoe sauti kupitia spika za nje.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa nyumba zetu: waya wa mwanga, unaoandikwa OPTICAL. Toshiba waliutoa mwaka 1983 kwa ajili ya santuri za CD, na bado unafanya kazi ile ile. Ndani yake hakuna umeme, kuna mwanga mwekundu unaowaka na kuzima kwa kasi. Ukiuchomeka upande wa king'amuzi na kutazama ncha ya pili, utauona mwanga huo. Usipouona, kagua kifuniko: waya mpya unakuja na vikofia vidogo vya plastiki angavu kwenye ncha zote mbili, na vikofia hivyo havionekani kirahisi. Watu wanauchomeka navyo, wanakosa sauti, wanarudisha waya dukani. Na usiukunje kama kamba, uache upinde kwa upana. Kuhusu kuuchukua kutoka kwenye televisheni badala ya king'amuzi, fahamu kwamba televisheni nyingi hupunguza sauti ya 5.1 kuwa ya njia mbili kabla ya kuitoa hapo. King'amuzi kikiwa na tundu hilo, toa huko huko moja kwa moja.

Baada ya waya, menyu. Fungua mipangilio ya sauti ya king'amuzi. Utakuta PCM au Stereo ndiyo imechaguliwa. Badilisha iwe Dolby Digital, au Bitstream kama ndivyo walivyoandika. Kuanzia hapo king'amuzi kinapitisha sauti ya 5.1 bila kuigusa, na hom thieta ndiyo inayoigawa. Usishtuke ukiona rimoti ya king'amuzi haipunguzi tena sauti, kazi hiyo imehamia kwenye hom thieta. Usishtuke pia chaneli nyingi zikiendelea kuwa za njia mbili: 5.1 huja zaidi kwenye chaneli za HD za filamu na za mechi kubwa. Kwa chaneli nyingine, hom thieta nyingi zina kitufe cha Pro Logic ambacho huchota maneno kutoka sauti za kushoto na kulia na kuyapeleka spika ya kati. Kibonyeze, tofauti utaisikia mara moja kwenye taarifa ya habari.

Kuna mvumo mwingine usiotokana na nyaya mbovu. Ni ule wa chini, mzito, unaokuwepo hata chaneli ikiwa kimya. Umeme wetu unaenda mizunguko 50 kwa sekunde, na dishi, king'amuzi, televisheni na sabufa vikiwa vimepata njia tofauti za kwenda ardhini, mizunguko hiyo inaingia kwenye spika. Zima king'amuzi, fungua waya wa dishi, ukiwasha na mvumo umekwisha basi umempata mchawi. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukibaki, tumia waya wa mwanga: kwa kuwa haupitishi umeme, mvumo unakosa pa kupita. Kuna mafundi wanaokata mguu wa ethi wa plagi ili kuua mvumo. Wakataze. Mguu ule ndio unaowalinda watoto wanaogusa gamba la chuma la amplifaya.

Mpangilio wa spika nao una neno. Nimezikuta zote tano zimepangwa juu ya kabati la televisheni kama mapambo. Ya kati ikae chini au juu ya kioo, ielekee usawa wa masikio ya aliyekaa. Za mbele zitanuke kila upande, na za nyuma zikae ubavuni, zikirudi nyuma kidogo ya kochi. Kama nyaya hazifiki, ni afadhali kuzima za nyuma kuliko kuzibandika mbele. Kisha ingia kwenye menyu ya hom thieta, ipandishe spika ya kati peke yake hatua mbili au tatu, na besi uishushe. Wenye vibanda umiza wataona ugumu kushusha besi, kwa kuwa wateja wanaipenda, lakini nao waijaribu kwa kipindi kimoja cha mechi.

Ikitokea mdomo wa msomaji wa habari hauendani na maneno, ni televisheni inachelewesha picha wakati inaisafisha. Hom thieta nyingi zina kipengele cha kuchelewesha sauti. Ongeza milisekunde 20, tazama mdomo, ongeza tena, mpaka vikutane. Sauti ya blututhi kwa kawaida hufanya kinyume, huja nyuma ya picha, na kipengele hicho hakiwezi kuivuta mbele. Kwa mpira tumia waya.