Jivu, RAM na jina la mtu: siku mbili na kompyuta ya marehemu Engaresero

Barabara itokayo Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron hupita Selela na Engaruka, kisha hukata chini ya Mlima Ol Doinyo Lengai kabla ya kukifikia kijiji cha Engaresero. Anayesafiri wakati wa kiangazi hufika akiwa na rangi moja na gari lake, nayo ni kijivu. Ni jivu la mlima huo uliolipuka kwa kishindo mwaka 2007 na 2008, likichanganyika na vumbi la magadi litokalo ziwani. Tunalitaja vumbi hili mapema kwa sababu linahusika katika habari hii, ingawa si kwa kiasi ambacho sisi wenyewe tulidhani siku ya kwanza.

Tuliitwa na familia ya muuza duka mmoja, mwenyeji wa Kondoa aliyehamia Engaresero miaka mingi iliyopita na kufia huko, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wenyewe wametuomba tusiwataje majina. Marehemu alikuwa mtu wa kuandika. Alichokopesha na alichokopa, kuanzia gunia la sukari mpaka kiberiti, alikiandika katika kompyuta mpakato iliyokaa nyuma ya mizani ya duka. Alivutiwa na Linux tangu zama za mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliuendesha pamoja na kampuni moja ya Sweden na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Baadaye aliweka Ubuntu ya toleo la 10.04, lile lililotolewa Aprili 2010, akaiacha hivyo hivyo mpaka mwisho, kwa hoja kwamba daftari linaloandikika halibadilishwi.

Kompyuta hiyo ilikufa wiki chache kabla ya mwenyewe. Diski yake ilikuwa nzima. Baada ya mazishi, mwana mkubwa alinunua kompyuta nyingine iliyokwisha kutumika kutoka kwa kijana mmoja wa Mto wa Mbu, akaambiwa ina kumbukumbu ya GB 8, ile ambayo mafundi huiita RAM, akalipa bei ya GB 8. Diski ya baba ikahamishiwa humo. Mashine ikawaka, na mafaili yote yakaonekana. Lakini kijana alipofungua hesabu za madeni pamoja na mamia ya picha za stakabadhi ili azilinganishe, mashine ikaganda. Akatazama taarifa za mfumo: kumbukumbu haikufika hata GB 3.

Hapo ndipo jambo dogo lilipokuwa kubwa. Baba mdogo wa vijana, mtu mwenye heshima yake na hasira zake, alikwenda Mto wa Mbu, na baada ya swala ya Ijumaa akamwita yule muuzaji mwizi mbele ya watu. Kijana akaapa kwamba vipande vyote viwili vya RAM vimo. Fundi mwingine akashauri kwa simu kwamba dawa ni kufuta diski yote na kuweka mfumo upya. Mjane akakataa. Humo ndani mlikuwa na majina ya wanaoidai na wanaodaiwa na familia, na mirathi haiwezi kugawanywa kabla ya madeni ya marehemu kulipwa.

Mama alikuwa katika eda, akazungumza nasi kutoka chumba cha pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mfanye mtakalofanya, ila hiyo diski isitoke nyumba hii, na isifutwe."

Baba mdogo alikuwa na neno lake pia. "Hapa hakuna cha kupima. Tumeuziwa nane, tumepewa tatu. Hata mizani mbovu ya sokoni haipunji kiasi hicho."

Tulimwomba atupe mpaka kesho mchana. Kazi ya kwanza haikuhusu RAM hata kidogo: tulinakili daftari la madeni na picha za stakabadhi kwenye flashi mbili, moja tukampelekea mama. Tungependa kila familia ianze hapo, kwa sababu mashine yenye kumbukumbu mbovu inaweza kuharibu faili wakati wa kulihifadhi, na anayeichunguza anaweza kukosea pia.

Kisha tuliizima mashine, tukaiwasha tena huku tukibonyeza F2, tukaingia katika BIOS, yaani programu ndogo inayoamka kabla ya Linux na kuhesabu vifaa vilivyomo. Kwenye mashine nyingine kitufe ni F10 au Delete. Ilisema 4096, yaani GB 4. Sasa tulikuwa na hesabu tatu: nane ya muuzaji, nne ya BIOS, na ile ya Linux isiyotimia tatu. Baba mdogo alitikisa kichwa akasema kwamba mashahidi watatu wakitofautiana, wote ni waongo. Sisi tulifurahi. BIOS huhesabu kile ambacho umeme wa mashine umekifikia, na Linux huhesabu kile inachoweza kukitumia. Yakitofautiana majibu hayo mawili, tatizo haliko mahali pamoja.

Tulichomoa chaji, tukatoa betri, tukagusa chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini, tukafungua mfuniko wa chini kwa bisibisi. Vipande viwili vilikuwamo, na kila kimoja kimeandikwa 4GB. Kijana wa Mto wa Mbu hakusema uongo kuhusu idadi. Kimoja kilikuwa na utando wa kijivu kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu, na tundu lake lilikuwa na vumbi laini mithili ya unga. Tukayasugua meno taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, tukapuliza tundu kwa pampu ndogo (mdomo hutoa unyevu), tukakirudisha kipande kwa kukilaza kidogo na kukisukuma mpaka vibanio vya pembeni vikalia. Tulijaribu pia kila kipande peke yake katika kila tundu, ili tusije tukalisingizia kosa la tundu kwa kipande. BIOS ikasema 8192. Mtoto wa mwisho alitoa takbira.

Tukaingia Linux, tukafungua dirisha la amri, tukaandika free -m, amri inayoonyesha kumbukumbu kwa megabaiti na inayofanya kazi katika matoleo ya zamani na mapya. Ilisema 2932. Kabla ya kusafisha ilikuwa imesema 2932. Haikuongezeka hata tarakimu moja.

Tunakiri kwamba wakati wa chakula cha mchana tulikwisha mwambia kila mtu kuwa ni vumbi tu. Tulinyamaza kwa muda.

Jibu lilipatikana kwa amri nyingine fupi, uname -m, inayouliza kiini cha mfumo ni cha aina gani. Ikajibu i686, yaani kiini cha biti 32. Kila sehemu ya kumbukumbu ina anwani yake, kama nyumba zilizopewa namba. Kiini cha kawaida cha biti 32 kina namba 4,294,967,296 tu za kugawa, ambazo ni sawa na GB 4. Na hata hizo si zote za RAM, kwa kuwa kadi ya picha, ya mtandao na vifaa vingine navyo hudai anwani katika eneo hilo hilo. Kinachobaki ni karibu GB 3, huzidi kidogo au hupungua kidogo kulingana na mashine. Tulipoyasoma maandishi ya uwakaji wa mashine kwa amri ya dmesg, tuliukuta mstari ulioeleza wazi kwamba GB 4 pekee ndizo zitakazotumika na kwamba kiini cha aina nyingine kinahitajika. Mstari huo ulikuwa umeandikwa kila mara mashine ilipowashwa, tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeusoma.

Ndiyo maana kusafisha hakukubadilisha kitu ndani ya Linux. Hata kipande kimoja cha GB 4 kilikuwa kinazidi uwezo wa kiini kile, na cha pili kilipoamka hakikuwa na pa kuandikishwa.

Msomaji atauliza kiini kidogo namna hiyo kilitoka wapi katika mashine yenye GB 8. Kilitoka kwa marehemu. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na GB 1, na kwa mashine ya namna hiyo mfumo wa mwaka 2010 ulichagua kiini chepesi, uamuzi uliokuwa sahihi kabisa kwa wakati wake. Kulikuwa na kiini kingine cha biti 32 chenye uwezo uitwao PAE, ujuzi uliokuja na vichakato vya Pentium Pro mwaka 1995, ambao huifikisha mashine kwenye GB 64. Lakini hicho kiliwekwa tu pale kumbukumbu ilipozidi GB 3. Diski ilipohamishwa, ilihama na kiini chake, sawa na mpangaji aliyehamia nyumba ya vyumba vinane akiwa na funguo za vyumba vitatu.

Usiku ule tuliiacha mashine ikipimwa kwa programu ya memtest, iliyomo katika orodha ya kuwashia ya Ubuntu hiyo ya zamani, huku ikila umeme wa betri ya sola ya duka. Meno yaliyosafishwa si ushahidi kwamba kipande chenyewe ni kizima. Asubuhi hakukuwa na kosa hata moja. Ndipo tukaiwasha mashine kwa flashi yenye Linux mpya ya biti 64, bila kuweka wala kufuta chochote kwenye diski, tukaandika tena free -m. Ikasema 7802.

"Na hizo karibu mia nne zilizobaki?" baba mdogo aliuliza. Sehemu kubwa huchukuliwa na kadi ya picha isiyo na kumbukumbu yake yenyewe, na nyingine na kiini chenyewe. Tulimweleza kwamba hazijapotea, na hakuna aliyeziiba.

Tuongeze jambo kwa ajili ya familia nyingine zenye mashine kuukuu zaidi, maana si zote zitakazokuwa na mwisho kama huu. Zipo kompyuta mpakato za karibu mwaka 2006 na 2007, hasa zenye ubao wa Intel 945, ambazo hukubali kuwekewa GB 4 lakini huonyesha GB 3 na kidogo hata zikipewa mfumo wa biti 64. Hapo ukomo uko kwenye ubao wenyewe, na hakuna amri itakayousogeza. Kumnunulia mtoto RAM zaidi kwa mashine ya namna hiyo ni kutupa pesa. Kabla ya kununua, andika sudo dmidecode -t memory, usome kiwango cha juu ambacho ubao unadai kukikubali. Tunasema unadai, kwa sababu jedwali hilo hujazwa kiwandani na mara nyingine si sahihi. Ulilinganishe na kitabu cha mashine. Na muulize muuzaji kama RAM ni DDR3 ya volti 1.5 au DDR3L ya volti 1.35. Kwa macho hufanana, na mashine inayotaka ya pili inaweza isiikubali ya kwanza.

Kuhusu diski ya marehemu, tulishauri isiguswe. Ingewezekana kuiwekea kiini chenye PAE, lakini toleo la 10.04 liliacha kuhudumiwa miaka mingi iliyopita, na hatukuona sababu ya kuuchokonoa mfumo wa mtu aliyekwisha kufa wakati daftari lake linasubiriwa. Diski ikatolewa, ikafungwa kwa kitambaa, ikaingia sandukuni kwa mama. Mwana mkubwa atanunua diski nyingine Arusha na kuiwekea mfumo wa biti 64. Kwa siku zile mashine ilifanya kazi kutoka kwenye flashi, pole pole kidogo wakati wa kuwaka, ila hesabu na picha zote zilifunguka kwa pamoja bila kuganda.

Kabla ya adhuhuri baba mdogo aliomba simu. Alitoka uani, lakini sauti yake haikujua kunong'ona.

"Assalaam aleikum, mwanangu. Ni mimi wa Engaresero. Zimeonekana zote nane." Akasikiliza. "Neno nililokutamkia nilikutamkia mbele ya watu. Ijumaa ijayo nitakuja Mto wa Mbu, nitasimama pale pale, nao wasikie hili."

Hatukusikia kijana alivyojibu. Baba mdogo alirudi ndani, akaketi mbele ya kompyuta, akavaa miwani, akamwambia mwana mkubwa achukue kalamu na karatasi. Mstari wa kwanza wa daftari ulikuwa deni la magunia mawili ya sukari kwa muuzaji wa jumla wa Mto wa Mbu, na mbele yake marehemu alikuwa ameandika: nusu nimelipa, nusu bado. Kutoka chumba cha pili mama alisema kwamba nusu hiyo anaijua, ianze hiyo.