Majina ya Mahali na Vilabu vya Kale vya Kando ya Barabara: Mfano wa Katindiuka na Bonde la Kilombero

Katika mhadhara huu ninakusudia kuzungumzia jambo ambalo sisi wanaisimu tumezoea kulipuuza, nami nikiwa mmojawapo wa wapuuzaji. Tunapokusanya majina ya mahali huuliza maana ya mzizi, tukaandika jibu, tukaenda zetu. Hadithi inayofuatana na jina huiacha palepale tulipoikuta, na katika bonde la Kilombero mara nyingi tuliikuta kilabuni.

Tuanze na jina la mto wenyewe, kwa kuwa umbo lake liko wazi. Mzizi wa Kibantu ambao Kiswahili kimeuhifadhi katika -omba husikika katika lugha nyingi za bara kama -lomba. Kiswahili kimedondosha ile konsonanti ya mwanzo, kama kilivyofanya katika -ota, ambayo kwingine ni -lota. Tukiongeza mnyambuliko wa kutendea wenye irabu e, kwa kuwa mzizi una o, pamoja na ki- na -o ya kuundia nomino, tunapata Ki-lomb-er-o: kwa mizani ya Kiswahili, “kiombeo”. Umbo linakubali tafsiri hiyo bila kulazimishwa.

Ifakara ni kesi ngumu zaidi. Hadithi iliyoenea husema kwamba maana yake ni mahali mtu aendapo kufa. Mafuriko na malaria ya bonde hilo vimeipa hadithi nguvu, na huenda hata sifa ya mji kama kituo cha utafiti wa magonjwa ya joto, tangu Mswisi Rudolf Geigy alipofungua maabara hapo mwaka 1957, imeiongezea. Lakini tazameni inasimama juu ya nini. Msikilizaji ananasa silabi -fa, anasikia kufa, na sehemu iliyobaki ya neno inaachwa bila mwenyewe. Sikio linalosikia hivyo limekwisha kuzoea Kiswahili. Ifakara ni makutano ya Wandamba, Wapogoro na Wambunga. Guthrie alizipanga lugha za wawili wa kwanza pamoja, G52 na G51, na ya tatu akaiweka mbali, P15, jirani na Kingindo na Kimatumbi. Wambunga walifika katika misukosuko ya Wangoni ya karne ya 19. Watu wa lugha hizo walipoketi pamoja walihitaji lugha moja ya kusimuliana. Kwa hiyo hadithi ya kifo, ambayo kama etimolojia haina uzito, ni ushahidi mzuri wa jinsi mji ulivyoanza kujieleza kwa Kiswahili.

Sasa Katindiuka, ambayo leo ni kata mojawapo ya mji huo. Ka- ya mwanzo yaweza kuwa kiambishi cha udogo, kama katika katoto. Yaweza pia kuwa kiambishi cha nafsi, maana katika Kipogoro nafsi ya tatu umoja huchukua ka- pale Kiswahili kitumiapo a-. Mwisho wake, -uka, unafanana na ule wa -inuka na -funuka. Mimi naegemea upande wa kitenzi. Na ikiwa ndivyo, jina zima ni sentensi: fulani alifanya jambo. Jina la namna hiyo haliwezi kukaa bila kisa. Atakayelisikia atauliza, “Nani huyo? Alipatwa na nini?”

Mahali pa kuuliza hivyo palikuwa kilabuni. Neno lenyewe ni la mkopo kutoka Kiingereza, lakini wasemaji waliisikia silabi ya kwanza kuwa ki- ya ngeli, wakapata vilabu. Vilikuwa mabanda ya nyasi kando ya njia, mabenchi ya magogo, na akina mama waliopika pombe ya mahindi na ulezi kwa zamu, ili mmoja asimharibie mwenziwe soko. Sheria ya Vileo ya 1968 iliviweka chini ya leseni, haikuvipunguzia maneno. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilileta wasikilizaji wapya, na mgeni ndiye anayeuliza maana ya jina. Mwenyeji halihitaji kuelezwa.

Nikiwa mtafiti kijana niliketi katika kilabu kimoja cha bondeni, wazee wawili wakibishana juu ya jina la kijito. Kila mmoja alikuwa na kisa chake, na mama muuzaji, aliyekuwa akisuuza vikombe, akawasahihisha wote wawili. Niliandika mzizi wa jina. Visa vyote vitatu sikuviandika, kwa kuwa niliona ni maneno ya ulevini. Daftari ninalo hadi leo, na katika ukurasa ule mna neno moja lenye nyota mbele yake.

Majina hudumu kuliko vitu vilivyoyazaa. Kivukoni panaitwa Kivukoni hata baada ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, kufunguliwa mwaka 2018 na kivuko kukosa kazi. Kibaoni hapamhitaji tena mtu aonyeshwe kibao. Maana ya majina hayo itasomeka daima, kwa kuwa ni ya Kiswahili na yana -ni mwishoni. Katindiuka haina msaada huo. Wanafunzi watakaokwenda huko likizo hii wasianzie ofisini. Waulize waliko akina mama waliopika pombe miaka ya 1970, wawaamkie, wakae, na waandike kisa chote kabla ya kugusa mzizi.