Binti Mthamini Anahitaji Mlezi

Tunapozungumza juu ya kazi za mabinti zetu, wengi wetu hutaja ualimu, uuguzi, ushonaji au biashara. Mwezi huu tuzungumze juu ya kazi isiyotajwa sana majumbani mwetu, nayo ni kazi ya mthamini. Mthamini ni mtu aliyesomea kukadiria thamani ya nyumba, shamba, miti na mali nyingine iliyoko juu ya ardhi. Benki ikitaka kutoa mkopo kwa dhamana ya nyumba, huitwa mthamini. Serikali ikihitaji ardhi ya wananchi kwa ajili ya barabara au reli, huitwa mthamini. Ndugu wakitaka kugawana urithi bila kugombana, ni vema kumwita mthamini pia.

Kazi hii si ngeni kwa mwanamke. Yule mke mwema wa Mithali sura ya 31 hakununua shamba kwa kuliona tu, alilitafakari kwanza. Wizara ya ardhi ya nchi yetu nayo imekwisha kuongozwa na wanawake, wakiwemo Profesa Anna Tibaijuka kuanzia mwaka 2010 hadi 2014, na Dk. Angeline Mabula mwaka 2022 hadi 2023. Hivyo binti wa Mamboya akisema anataka kuwa mthamini, tusimshangae. Tumsaidie. Na msaada anaouhitaji kuliko wote baada ya ada ya chuo ni kupata mtu wa kumlea kazini.

Kosa dogo, hasara kubwa

Kwanza tuelewe kwa nini kazi hii haifai kufanywa na mtu ambaye hajalelewa. Wilaya yetu ya Kilosa imeyaona mambo haya kwa macho. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 ina stesheni yake Kilosa. Lakini kabla tingatinga halijaingia katika shamba la mtu, mthamini hutangulia na daftari lake. Anachokiandika siku ile ndicho familia itakachokuja kulipwa.

Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja mambo mengi ya kuhesabu: thamani ya nyumba na mazao, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na faida inayopotea kwa mwenye biashara. Posho ya makazi hupatikana kwa kuchukua kodi ambayo nyumba kama ile ingelipiwa kwa mwezi, na kuizidisha mara 36. Sasa tuchukue mfano. Mjane ana nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo kwa haki ingepangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mthamini asiye na uzoefu haulizi majirani wanapangishaje, anaandika shilingi 20,000 na kwenda zake. Kosa la shilingi 10,000 limekwisha kuwa shilingi 360,000! Kwa mjane yule, hayo ni mabati ya nyumba mpya.

Ndivyo ilivyo kwa mazao pia. Mwembe unaozaa hauna bei moja na mche uliopandwa mwaka jana. Mgomba nao una hesabu yake. Mwanagenzi aliyechoka jua anaweza kuhesabu kwa macho akiwa amesimama kivulini, naye mlezi mzuri atamrudisha shambani ahesabu shina kwa shina. Somo la namna hiyo halipatikani darasani.

Cheti peke yake hakitoshi

Mabinti wetu husomea uthamini katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ambacho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na wengine husoma ngazi za chini yake katika vyuo kama Chuo cha Ardhi Tabora. Huko hufundishwa njia za kukadiria: kulinganisha na mali zilizouzwa karibuni, kuangalia mapato ambayo mali inaingiza, au kukokotoa gharama ya kujenga nyingine kama hiyo.

Lakini akimaliza chuo hawi mthamini kamili siku ileile. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya kusajili wathamini, na asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hii kwa jina lake mwenyewe. Ili asajiliwe, inampasa kwanza afanye kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa. Hapo ndipo mabinti wengi hukwama. Cheti kipo ndani ya begi, ila mlezi hayupo.

Zamani hapakuwa na msichana aliyeingia katika ndoa bila somo wake, yaani mama aliyemketisha na kumweleza mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Mwanagenzi wa uthamini naye anahitaji somo wake wa kazi.

Kwa nini walezi ni wachache?

Tusiwalaumu upesi wathamini wanaokataa kuchukua wanagenzi. Jina la mlezi ndilo linaloandikwa mwisho wa taarifa, na mwanagenzi akikosea, mlezi ndiye wa kujibu. Tena kumfundisha mtu kunachukua muda, na wako wanaohofu kwamba wanayemfundisha leo kesho atawanyang'anya wateja.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Huko Marekani mwanagenzi wa uthamini hutakiwa kufanya kazi saa nyingi chini ya msimamizi: saa 1,500 kwa anayetaka cheti cha kuthamini nyumba za kuishi, na saa 3,000 kwa anayetaka kuthamini mali za kila aina. Kwa kawaida msimamizi mmoja haruhusiwi kuwa na wanagenzi zaidi ya 3 kwa wakati mmoja. Huko nako vijana hulalamika kwamba kumpata msimamizi ni kugumu kuliko mitihani. Basi binti yako asikate tamaa akikataliwa mara ya kwanza, wala ya tano.

Aanzie wapi?

Mahali pa kwanza ni ofisi ya ardhi ya halmashauri. Binti wa Mamboya aende Kilosa mjini, ajitambulishe, aeleze alikosoma, na aombe kujitolea. Kazi za mtaani na vijijini ni nyingi kuliko watu wa kuzifanya, na hapo atakutana na wathamini wenyewe.

Pili, awarudie walimu wake wa chuo. Wengi wao wanawafahamu wenye makampuni ya uthamini, na barua ya mwalimu hufungua mlango ambao barua ya mgeni haiufungui.

Tatu, ayaendee makampuni ya Morogoro na Dodoma kabla ya kukimbilia Dar es Salaam, ambako wahitimu ni wengi. Kabla ya kukubali, ahakikishe kwa Bodi kwamba mthamini yule amesajiliwa kweli. Kumtumikia asiyesajiliwa ni kuteka maji kwa pakacha. Miaka itapita na haitahesabiwa.

Asiende mikono mitupu

Hapa tunataka kusema jambo ambalo vijana wetu hulisahau. Mwanagenzi anayo mali ambayo mlezi wake hana. Mthamini kutoka mjini akifika Mamboya anaona vilima na mashamba. Binti aliyezaliwa hapa anajua njia, anajua Kikaguru, na anajua ni nani wa kuulizwa. Anajua kwamba Wakaguru, kama jirani zao Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo shamba analolionyesha mume huenda ni la ukoo wa mkewe. Asiyejua hayo ataandika jina lisilo lake, na fidia itakwenda pasipo pake.

Historia ya Mamboya yenyewe inatufundisha. Mmisionari J. T. Last alipokaa hapa katika miaka ya 1880, alikuja na elimu ya kwao, lakini kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru kilichochapishwa mwaka 1886 kisingewezekana bila wenyeji waliomfundisha lugha. Mgeni alikuwa mwanafunzi kwanza. Basi binti akiandika barua ya kuomba nafasi, asiandike tu kwamba anahitaji msaada. Aeleze anachokileta: lugha, ufahamu wa mila, miguu isiyoogopa mlima, na hesabu safi.

Dalili za mlezi mwema

Mlezi mwema humchukua mwanagenzi wake shambani, hamwachi ofisini akipiga chapa tu. Humweleza kila tarakimu imetoka wapi. Humkosoa faraghani, wala hamwaibishi mbele ya wanakijiji. Humfundisha kuuliza, "Mama mwenye nyumba yuko wapi?" kabla ya fomu kutiwa sahihi, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke haki yake katika ardhi. Pia huweka kumbukumbu za kazi alizofanya mwanagenzi, ili siku ya kuomba usajili asiwe na maneno matupu.

Binti aulize waziwazi kabla ya kuanza: Nitakwenda uwandani mara ngapi? Nauli na chakula ni juu ya nani? Utasaini kumbukumbu zangu kila baada ya muda gani? Mtu mwenye nia njema hachukizwi na maswali haya.

Mtego wa kuepuka

Wako wanaosema, "Wewe andika, mimi nitasaini," na wasikanyage kabisa mahali panapothaminiwa. Kwa kijana asiye na ajira maneno haya ni matamu. Lakini kwa njia hiyo hajifunzi kitu, na yule mjane wa mfano wetu ndiye anayelipa gharama. Mizani ya udanganyifu ni chukizo hata ikiwa imepigwa muhuri.

Mtego mwingine ni mbaya zaidi, na tuutaje kwa jina lake. Kazi hii ina safari za mbali, na mara nyingi mwanagenzi wa kike hulala ugenini akiwa na wanaume waliomzidi umri na cheo. Akiambiwa alipie nafasi yake kwa mwili wake, hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113 bila malipo. Mama, mwambie binti yako mapema, kabla hajapanda basi, kwamba akikutwa na jambo hilo na kurudi nyumbani bila kazi, utampokea bila kumwuliza kwa nini ameacha. Akijua mlango wa nyumbani uko wazi, atapata nguvu ya kukataa.

Mama ufanye nini?

Pengine unasema, "Mimi sikusomea uthamini, nitamsaidiaje?" Unaweza mengi. Miezi ya kwanza mwanagenzi hupata kidogo au hapati kabisa. Mtengee nauli, hata ikibidi kuuza debe la maharage. Mtafutie ndugu mwaminifu wa kukaa kwake Kilosa au Morogoro. Mnunulie viatu imara vya kupandia mlima kabla ya gauni la sikukuu. Usimharakishe kwa kumlinganisha na binti wa jirani aliyekwisha kupata mshahara.

Na ikiwa mwanagenzi ni mkweo au ni wewe mwenyewe uliye na mume na watoto, zungumzeni nyumbani. Mume ajue kwamba kutakuwa na siku za kulala nje ya nyumba, na aelezwe ni wapi na pamoja na nani. Wamama wa jumuiya wanaweza kupokezana kumtazama mtoto. Tumesaidiana wakati wa misiba na harusi; kwa nini tusisaidiane wakati mmoja wetu anajifunza kazi?

Wala tusingoje mabinti peke yao. Katika vikundi vyetu tuulizane: ni nani hapa ana ndugu anayefanya kazi ofisi ya ardhi? Ni nani aliyewahi kuthaminiwa nyumba na mtu aliyemwelewesha vizuri, bila haraka na bila dharau? Jina hilo lichukuliwe. Mthamini aliyemheshimu mama wa kijijini asiyejua kusoma, yaelekea atamheshimu na mwanagenzi.

Siku itafika binti yako asajiliwe na apate muhuri wake. Mfanyieni sherehe ndogo, mle na kunywa. Kisha ukiwa naye peke yenu mwulize swali moja tu: "Na wewe, mwanangu, utamchukua nani?" Kwa maana nyuma yake, huko huko Mamboya, yuko msichana mwingine mwenye cheti ndani ya begi.