Je, Wajua Kamera Inayolenga Bila Kuchungulia Kupitia Lenzi?

Ukipiga picha kwa simu, kioo kinakuonyesha kile kile ambacho lenzi inakiona. Sura ikiwa na ukungu utaugundua kabla hujabonyeza. Leica M3, kamera ya filamu iliyotoka Wetzlar, Ujerumani, mwaka 1954, haikupi nafasi hiyo. Mpigapicha huchungulia kwenye dirisha dogo lililo kando ya lenzi, na humo kila kitu huonekana kikali muda wote, hata kama amesahau kuondoa kifuniko cha lenzi. Kamera hiyo inajuaje basi kwamba mtu aliye mbele yake yupo mita 2 na si mita 3?

Inapima pembe. Mbele yake, kwa juu, kuna madirisha mawili yaliyoachana kwa karibu milimita 69. Unachungulia kupitia la kwanza. La pili linapokea taswira ile ile kutoka upande mwingine kidogo na kuileta machoni pako kupitia kioo kinachopitisha sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine. Katikati ya dirisha unaona taswira mbili zilizopishana: pua mbili, nguzo mbili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka zilale moja juu ya nyingine, na hapo umelenga. Kitu kilicho mita 1 hufanya pembe ya kama nyuzi 4 kati ya madirisha hayo. Kilicho mita 10 hufanya chini ya nusu ya nyuzi moja. Mwezi haufanyi pembe yoyote inayopimika.

Hesabu hiyo ilitumika vitani kabla ya kuzoeleka kwenye kamera. Barr & Stroud, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1888, iliunda vipima-umbali vya jeshi la majini la Uingereza, na baadaye manowari ya Japani Yamato ilibeba vipima-umbali vyenye upana wa mita 15 ili mizinga yake ijue adui yuko wapi. Kodak iliunganisha kipima-umbali na lenzi ya kamera mwaka 1916. Mwaka 1932 Leica II na Contax zikaifanya kazi hiyo ndani ya kamera inayoshikika kiganjani.

Kiungo kati ya lenzi na kipima-umbali ni kigurudumu kidogo cha chuma. Ukiitoa lenzi ya M3 utakiona ndani ya mdomo wa kamera, upande wa juu, kwenye ncha ya mkono mwembamba. Lenzi inapotoka mbele au kurudi nyuma, ukingo wake wa nyuma hukisogeza kigurudumu hicho, na mkono hukisogeza kipande cha kioo ndani ya kipima-umbali. Hakuna waya wala betri. Kila ambacho kamera inakijua kuhusu umbali kimepita kwenye kigurudumu hicho.

Na kinapita katika nafasi finyu mno. Lenzi ya milimita 50, kutoka kulenga mwezi hadi kulenga uso ulio mita 1, hutoka mbele kwa milimita 2.6 tu. Kigurudumu kikikosea kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, shabaha ya mita 1 inahama kwa zaidi ya sentimita 3. Ukifungua tundu la lenzi hiyo hadi f/1.4, eneo lote linalotoka kali, mbele na nyuma ya shabaha, halizidi sentimita 3 na ushei. Maana yake unalenga jicho na ncha ya pua ndiyo inayotoka safi. Ukiibana lenzi hadi f/8, eneo kali linakaribia sentimita 20 na kosa halionekani kabisa. Ndiyo sababu kamera inaweza kuwa imeharibika miaka mingi bila mwenyewe kujua, mpaka siku anaponunua lenzi ya f/1.4 na kuilaumu bure.

Si kila kasoro unayoiona dirishani inaharibu picha. Taswira mbili zikipishana juu na chini, macho yatachoka lakini fokasi haijaguswa; kwenye Leica M6 skrubu ya kurekebisha hilo imefichwa nyuma ya nembo nyekundu. Taswira ya pili ikififia, huenda utando wa kioo umechakaa. Ikitoweka ghafla kwenye M3 iliyoanguka, huenda gundi ya prizimu imeachia, na hapo hakuna skrubu ya kukaza. Prizimu yenyewe inahitaji kutengenezwa au kubadilishwa. Kosa la kuogopwa ni la kulia na kushoto, maana hilo ndilo linalodanganya kuhusu umbali.

Kupima kunaanza mbali. Weka lenzi kwenye alama ya mwisho kabisa na uutazame mwezi, au mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja. Taswira mbili zikutane hapo barabara. Jengo la ng'ambo ya barabara halitoshi: hata kitu kilicho mita 100 bado kina pembe ambayo jicho zuri linaitambua, na atakayesahihisha kwa kukitazama hicho ataiharibu kamera nzima. Kisha pima karibu. M3 ina kimlango cha nyuma, kwa hiyo unaweza kuweka kioo chenye ukungu juu ya reli ambazo mkanda hupita, ukaacha shata wazi, na kutazama kwa lenzi ya kukuzia pale mwanga unapoangukia kweli. Selotepu nyeupe, ambayo wengi huitumia, hulegea katikati na kuleta kosa jipya; tafuta kioo.

Marekebisho yenyewe ni mawili, na yanavutana. Kigurudumu kina ekseli isiyo katikati yake, hivyo kukizungusha hubadilisha usomaji wa mbali. Urefu wa mkono hubadilisha usomaji wa karibu. Ukigusa wa pili, wa kwanza huhama kidogo, na fundi hana budi kurudia mara kadhaa hadi yote mawili yatulie. Kwenye FED, nakala ya Leica II iliyoanza kutengenezwa Kharkiv, Ukraini, mwaka 1934 katika makao ya watoto waliookotwa mitaani, mahali pa kigurudumu pana kabari ya chuma inayozungushwa. FED za mwanzo zilioanishwa kila moja na lenzi yake, na lenzi ya kamera moja haikulazimika kukubaliana na nyingine.

Basi usiguse skrubu kabla hujapima. Kama una lenzi mbili na zote zinakosea upande mmoja, tuhumu bodi, yaani mwili wa kamera. Ikikosea moja tu, tuhumu lenzi hiyo. Andika umbali uliopima, tundu la lenzi ulilotumia, na kama picha imekosea mbele au nyuma, kisha mpelekee fundi maandishi hayo pamoja na lenzi zako zote. Ukikutana na fundi anayekubali kurekebisha bodi bila kuuliza unatumia lenzi gani, ichukue kamera yako umtafute mwingine.