"Jikaze" si dawa: Serikali iwasomeshe wanasihi wa shule

Mwaka wa 2004, nikiwa mwalimu chipukizi wa Kiswahili katika shule moja ya bweni ya wavulana, nilikabidhiwa idara ya ushauri na nasaha. Sikuiomba kazi hiyo wala sikuwa nimeisomea. Mwalimu mkuu aliitazama ratiba, akaona vipindi vyangu ni vichache kuliko vya wenzangu, akaniambia, "Mwalimu, wewe unasikizana na vijana hawa. Washauri." Nikapewa ufunguo wa chumba kidogo kando ya ghala, meza moja na viti viwili. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu.

Muhula wa pili, mvulana wa kidato cha tatu alinijia jioni. Alisema hapati usingizi, chakula hakimpiti kooni, na kila anapofungua kitabu maandishi humkimbia. Nilimsikiliza kwa dakika kumi hivi, kisha nikamwambia neno ambalo nami niliambiwa utotoni, na ambalo bila shaka wewe msomaji umewahi kuambiwa: "Jikaze." Akasema, "Asante, mwalimu," akaenda zake. Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipokwisha, hakurudi. Barua mbili ziliandikwa kwao zisijibiwe. Hadi leo sijui aliko.

Sikisimulii kisa hiki ili nijitakase. Nakisimulia kwa kuwa nina yakini kwamba walimu wengi wanaosoma ukurasa huu wana mvulana wao, au msichana wao, ambaye walimpa neno hilo kwa kukosa jingine.

Kazi yangu sasa ni isimu, na mwanaisimu hulitazama neno jinsi fundi atazamavyo mbao. "Kaza" ni kitenzi cha kamba na fundo. Ukikipachika "ji", mzigo wote unamrudia yule yule anayelemewa: yeye ndiye mgonjwa, yeye ndiye daktari, yeye ndiye dawa. Upande wa pili wa msamiati wetu kuna "wazimu", neno lenye mzizi mmoja na "mzimu", kana kwamba aliyeugua akili amekwisha kutoka katika jamii ya walio hai. Kati ya jikaze na wazimu mtoto wa shule aliyelemewa asimame wapi? Maneno ya katikati tunayo, kama vile "sonona" na "msongo wa mawazo", lakini aghalabu hayafiki madarasani, kwa sababu mtu wa kuyafikisha hayupo.

Wala hatuwezi kudai kwamba hatukuonywa. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilizungumzia haja ya ushauri na uelekezaji shuleni. Machi 1998 wasichana 26 waliangamia katika moto wa bweni kule Bombolulu. Machi 2001 wavulana 67 walikufa kule Kyanguli, katika moto uliowashwa makusudi. Mwaka huo huo jopo lililoongozwa na Bi. Naomi Wangai liliizunguka nchi likichunguza fujo za wanafunzi, na ushauri na nasaha ukatajwa tena. Sisemi kwamba kila moto ni ugonjwa wa akili; huko kutakuwa kuwatukana wagonjwa. Ninalosema ni kwamba katika shule ambayo mwanafunzi hana pa kusemea, hasira na uchungu hutafuta mlango mwingine.

Mwaka wa 2001 pia ndio Serikali ilipopiga marufuku kiboko. Mimi naunga mkono hatua hiyo bila kusita. Lakini tuulizane kwa haki: mwalimu aliponyang'anywa kiboko, alipewa nini mkononi? Aliambiwa ashauri. Kushauri ni taaluma kama uhandisi na uuguzi, nayo haishuki kwa waraka kutoka wizarani.

Sheria zetu zenyewe zalikiri hilo. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 inahusu mafunzo, usajili na leseni za wanaofanya kazi hiyo. Mwaka wa 2020 jopokazi la afya ya akili likiongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba. Kwa hiyo anayetaka kujitoa uhai hafai tena kupelekwa kizimbani. Vema. Basi apelekwe kwa nani? Shuleni aghalabu atapelekwa kwa mwalimu aliyetoka kusahihisha insha arobaini na ambaye kengele ikilia ana kipindi kingine.

Wapo walimu waliojisomesha. Nawafahamu waliosomea shahada ya uzamili ya ushauri wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, karo wakiikata katika mshahara na katika mkopo wa chama cha akiba. Wamerudi shuleni na shahada zao, wakakuta vipindi ni vile vile, cheo ni kile kile, na chumba ni kile kile kando ya ghala. Baadhi wametafuta kazi kwingine. Nani atawalaumu?

Marekani ina mafunzo mawili kwetu. Warusi waliporusha Sputnik mwaka wa 1957, Wamarekani walitunga sheria ya elimu ya 1958 ambayo, pamoja na kugharimia hisabati na sayansi, ilitenga fedha za kuwafunza washauri wa shule. Waliona kwamba kipaji kisichoongozwa hupotea. Mnamo 2022, baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa kwa risasi shuleni huko Uvalde, Texas, bunge lao lilitenga dola bilioni moja kwa afya ya akili shuleni, sehemu yake ikiwa ya kuwasomesha wataalamu katika vyuo vikuu. Hilo ni funzo la kwanza. La pili ni chungu: Aprili 2025 utawala mpya ulitangaza kuikatiza misaada hiyo, na majimbo 16 yakaenda mahakamani. Mradi ulio katikati ya njia ni rahisi kukatwa. Nasi tukianza, tuanze kwa fungu la kudumu katika bajeti, si kwa hisani ya mfadhili.

Najua nitaambiwa kwamba walimu wenyewe hawatoshi, seuze wanasihi. Nitaambiwa pia kwamba kule Zimbabwe Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwatumia akina nyanya wa mitaani, wanaoketi na wagonjwa kwenye mabenchi, na wakafaulu. Ni kweli, na ni jambo la kusifiwa. Lakini akina nyanya hao walifunzwa, na nyuma yao walikuwapo wataalamu wa kuwasimamia na kuwapokea wagonjwa waliowazidi. Benchi bila mtaalamu nyuma yake ni kiti tu.

Pendekezo langu si kubwa. Wizara na Tume ya Huduma za Walimu zichague walimu kumi katika kila kaunti kila mwaka, yaani 470 nchini kote. Serikali iwalipie karo ya uzamili kwa miaka miwili, mishahara yao ikiendelea. Kisha waahidi kwa maandishi kuitumikia kaunti kwa miaka minne, kila mmoja akihudumia kundi la shule jirani, bila kipindi hata kimoja cha darasani, na kuwasimamia walimu wengine wa ushauri. Cheo chao kitambuliwe na kilipwe.

Na vyuo vikuu, changu kikiwemo, viwafunze watu hawa kushauri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Tunawafunza na kuwatahini kwa Kiingereza, ilhali mtoto anayelia usiku bwenini halii kwa Kiingereza. Yule mvulana wangu hakutumia istilahi hata moja. Alisema maandishi yanamkimbia. Mtaalamu angelisikia sentensi hiyo na kujua la kuuliza baadaye. Mimi niliisikia kama kisingizio cha uvivu.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio tumekwisha kukisikia mara nyingi mno. Mwanafunzi unayesoma haya na kichwa ni kizito, usijikaze peke yako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na asipokuelewa mwambie wa pili. Nawe mwalimu mwenzangu, atakapokuja, usiwe na haraka ya kujibu kama nilivyokuwa. Kiti cha pili katika chumba kile nakikumbuka mpaka leo.