Msitu wa Karura: Wageni wanaougharamia ndio wanaousumbua

KILA Jumamosi asubuhi, magari hupanga foleni kwenye lango la Msitu wa Karura lililo kando ya Barabara ya Limuru, Nairobi. Humo hushuka wakimbiaji, waendesha baiskeli, wazazi na watoto wao, na mbwa wengi kuliko mtu angetarajia kuwaona katika msitu wa serikali. Hatua chache tu kutoka njia zinazokanyagwa na umati huo, hujificha paa wadogo, pongo, ngawa na bweha.

Namna pande hizo mbili zinavyogawana takriban hekta 1,000 zilizozingirwa na jiji ni suala linalozidi kuwa zito kadiri Nairobi inavyopanuka.

Karura ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, lakini katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wastawishaji wa majengo. Mnamo Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti humo. Msitu uliponea chupuchupu, ila ukabaki mahali pa kuogopwa. Wahalifu walijificha ndani yake, na wakataji miti wakafanya watakavyo. Raia wa kawaida hakuthubutu kuingia.

Mambo yalibadilika baada ya 2009, Chama cha Marafiki wa Karura kilipoundwa ili kusaidiana na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) katika usimamizi. Ua wa umeme ulijengwa, vijana wa vijiji jirani wakaajiriwa kuwa walinzi, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa kwa umma. Ada ya langoni ndiyo iliyolipa mishahara na kuutunza ua. Kwa maneno mengine, wanyama walipata usalama pale watu walipoalikwa kuingia.

Kuanzia mwaka 2014, zaidi ya mbega 100 walihamishiwa humo kutoka Kipipiri, Nyandarua, walikokuwa wakizozana na wakulima. Mbega huishi juu mitini na kula majani, hivyo mpita njia hawasumbui sana.

Kima ni kisa tofauti. Anayemrushia kima ndizi kwa ajili ya picha humfundisha kwamba binadamu ni chakula kinachotembea, na mgeni wa kesho ndiye atakayepokonywa mkoba wake.

Wanaoumia zaidi ni wanyama wa chini, hasa paa. Mbele ya paa, mbwa ni mwindaji tu, hata awe na mkufu wa dhahabu shingoni. Mbwa akimkimbiza na kumkosa, mwenyewe hucheka na kudhani hakuna lililoharibika. Kumbe paa amemaliza nguvu zake, na pengine ameachana na mtoto aliyekuwa amemficha kichakani. Ndiyo maana kanuni za Karura zinataka kila mbwa afungwe kamba. Kanuni hiyo ni rahisi kuiandika kwenye kibao cha langoni. Ni vigumu kuitekeleza penye kona isiyo na mlinzi.

Njia nazo zina siri yake. Mnyama huzoea watu wanaopita mahali palepale kila siku. Kinachomtia hofu ni yule anayetokea asikotarajiwa, akitafuta njia ya mkato. Kila njia ya mkato hukigawa kichaka vipande viwili, na mvua ikinyesha, udongo uliokanyagwa huchukuliwa na maji hadi mtoni. Msitu una zaidi ya kilomita 50 za njia rasmi, kiasi kinachomtosha mkimbiaji yeyote.

Ua wa umeme pia una gharama yake. Unamzuia mwizi asiingie, na unamzuia pongo asitoke kutafuta mwenzi kwingine.

Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, tatizo hili lilitatuliwa kwa gari: simba wapo, hivyo mgeni hutazama akiwa ndani ya gari, isipokuwa katika sehemu chache zilizotengwa. Karura haina simba, na mvuto wake wote ni kutembea. Kwa hiyo kinachogawanywa humo ni saa na njia: lango hufungwa jioni, na usiku ukaachiwa ngawa na bweha.

Mpango huo wote hutegemea fedha za langoni. Mwishoni mwa Agosti 2025, KFS iliagiza ada zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, na Septemba mzozo huo ukafika mahakamani. Marafiki wa Karura walihofia kwamba fedha zikikusanywa kwingine, huenda zisirudi msituni kwa wakati. Mlinzi asipolipwa mwisho wa mwezi, ile kona isiyo na mlinzi huongezeka, na kamba ya mbwa hufunguliwa.